Masafa ya Ndege na Saa za Safari: Nairobi hadi Jidda

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja aliyeazimia kwenda Umra: kutoka Nairobi hadi Jidda ni masafa gani, na ndege huchukua saa ngapi? Ni suali jema, na jawabu yake ina faida zaidi ya ile aliyoikusudia muulizaji.

Masafa baina ya viwanja hivyo viwili, yakipimwa kwa njia iliyo fupi kabisa juu ya mviringo wa ardhi, ni karibu kilomita 2,560. Ndege kubwa za zama zetu huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Mwenye kugawanya atapata saa tatu, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwani ndege haianzi kwa mwendo huo: hutambaa kwanza kiwanjani, kisha hupanda, na ikikaribia hupunguza mwendo na kushuka. Wala haiendi moja kwa moja, bali hufuata njia zilizowekwa angani. Na upepo wa mbele huikawiza, na wa nyuma huisukuma. Kwa hivyo na ahesabu saa tatu na nusu hadi nne. Atokaye Mombasa aongeze kilomita 420, ambazo ni safari ya karibu saa moja, mbali na kungoja.

Ama saa ya mkononi, haina haja ya kugeuzwa. Jidda iko kaskazini ya Nairobi, takriban katika mstari mmoja, na miji yote miwili imeitangulia saa ya Greenwich kwa saa tatu. Sivyo kwa aendaye Dubai au Maskati, ambako wametutangulia kwa saa moja: aondokaye Mombasa saa nne asubuhi kwa safari ya saa tano, atakuta huko ni saa kumi alasiri, si saa tisa.

Sasa izingatie faida yenyewe. Mwendo wa kilomita 850 kwa saa ni kilomita 14 kwa kila dakika. Wazee wetu waliosafiri kwa jahazi walikuwa na siku nyingi za kujitayarisha kabla ya kuifikia mikati. Wewe ukisinzia dakika kumi tu, umekwisha kupita kilomita 140! Na mwenye kukusudia Hija au Umra hapasi kuivuka mikati bila ya kuhirimia. Akiivuka naye asirejee, wanavyuoni wengi wamemlazimisha kuchinja.

Basi, ewe ndugu, oga na uvae nguo za ihramu kabla ya kupanda ndege Nairobi. Ukishapanda, tazama saa yako, waulize watumishi wa ndege, na utie nia kabla ya kufika mikati, hata ikiwa ni mapema kidogo kwa tahadhari, kwani hilo lajuzu. Usitegemee kuamshwa na jirani yako. Huenda naye amelala.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.