SOMO: Mwajiri wa Zamani Anapotuita Kutengeneza Mtambo

Leo tunajifunza jambo linalowapata mafundi wengi hapa Uganda. Mtu ameacha kazi kiwandani, amekabidhi zana na kuaga. Wiki mbili baadaye mtambo unakwama, na aliyeshika nafasi yake hajauzoea. Mwajiri anapiga simu: "Njoo mara moja tu utuangalizie." Tufanye nini?

1. Tutenganishe neno na kazi. Kueleza kwa simu mahali ulipo mchoro, au vali ipi ifungwe kwanza, ni neno. Neno hilo tulitoe bure, kwani mwenzetu aliyebaki ndiye atakayelaumiwa. Na kama kuna hatari kwa maisha ya watu, kwa mfano vali ya usalama ya boila imeharibika, tuseme upesi kabla hata ya kuulizwa. Lakini kufungua mtambo, kubadili beringi na kukesha mpaka asubuhi ni kazi, na kazi ina ujira.

Tusiondoke na funguo, michoro wala namba za siri za kompyuta ili tuje kubembelezwa. Hivyo ni vya kiwanda. Ujuzi wa mikono yetu ndio mali yetu.

2. Tuangalie hatari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeajiriwa. Tuseme fundi ameingia usiku "kusaidia", mvuke ukamwunguza mikono. Mwajiri atasema: "Huyu si mfanyakazi wetu." Jina halimo katika daftari la mishahara, karatasi hana. Itambidi athibitishe kitandani hospitali kwamba usiku ule alikuwa kazini.

3. Tuandikiane kabla ya kushika spana. Karatasi moja, yenye sahihi za pande zote mbili, ieleze: kazi gani, siku ngapi, malipo kiasi gani na lini, nani analipa nauli na vipuri, na nani atagharimia matibabu tukiumia. Tusikadirie malipo kwa mshahara wa zamani peke yake. Zamani mwajiri aliweka NSSF asilimia 10 ya mshahara, juu ya asilimia 5 yetu, na likizo tulikuwa nayo. Kibarua cha siku mbili hakina hayo.

4. Tuwafikirie wenzetu. Kabla ya kwenda, tuulize tawi la chama. Kama wenzetu wamegoma na sisi tunaitwa kuwasha mitambo, jibu ni hapana, hata malipo yawe makubwa namna gani.

5. Tutumie vizuri muda wa notisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka notisi ya wiki 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka. Mwezi 1 kuanzia mwaka hadi miaka 5. Miezi 2 kuanzia miaka 5 hadi 10. Na miezi 3 kwa miaka 10 au zaidi. Huo ndio wakati wa kumfundisha atakayebaki. Mwajiri anayemtoa fundi siku hiyo hiyo, asishangae mtambo ukimshinda.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi mfanyakazi anapokiomba wakati wa kuacha kazi. Ndugu zetu wa Kenya wana haki ya cheti katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Basi mwajiri akisema, "Tengeneza kwanza, ndipo upate cheti," tujue anatuuzia haki yetu wenyewe. Tupeleke habari tawini, na zikishindikana, kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya.

Maswali ya kujadiliana tawini:
(a) Katika kazi yetu, msaada upi ni neno, na upi ni kazi?
(b) Karatasi ya makubaliano iandikwe mambo gani zaidi?
(c) Tawi limsaidieje mwenzetu aliyenyimwa cheti?