Ujira wa Wanawake wa Glasgow

Sheria ya Uingereza iliyotungwa mwaka 1970, ikaanza kutumika 1975, iliamuru mwanamke na mwanamume wafanyao kazi sawa wapewe ujira sawa. Katika mji wa Glasgow, Uskoti, twaona jinsi sheria njema iwezavyo kukaa miaka mingi bila kuzaa.

Baraza la mji halikusema, "Huyu ni mwanamke, mpunguzieni." Upungufu ulikaa mahali pengine. Wazoa taka na watunza bustani, wengi wao wanaume, walikuwa na nyongeza ya mshahara. Wapishi wa shule, wafagiaji, na wale wanaowatunza wazee majumbani hawakuwa nayo. Yapata mwaka 2006 baraza likazipima kazi zote upya kwa alama. Lakini alama nyingine hazikupewa ila mtu afanyaye saa 37 kwa juma. Ni mama gani apataye saa hizo, naye amepewa na baraza lilo hilo zamu fupi fupi? (Mama zetu sokoni wangeitambua mizani hiyo upesi.)

Wakashtaki. Mwaka 2017 mahakama kuu ya Uskoti iliwapa haki, lakini malipo yakakawia. Ndipo Oktoba 2018 wanawake kama 8,000 wakaacha kazi siku mbili. Hata wazoa taka wengi wakakataa kuwapita kwenda kazini. Mwaka 2019 baraza likakubali kulipa kama pauni milioni 500. Wengine walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 10.