SOMO LETU: MKAGUZI ASIISHIE KWENYE KARATASI



Wengi wetu tukisikia neno ukaguzi tunafikiria pesa tu. Mweka hazina analeta daftari, risiti zinahesabiwa, basi. Lakini kuna ukaguzi mwingine, wa kuangalia kama kazi inafanywa kwa usalama. Katika viwanda vya mafuta, gesi na kemikali za sumu, ukaguzi huo ndio uhai wa watu. Hebu tujifunze kutokana na mkasa mmoja.

Piper Alpha ulikuwa mtambo wa mafuta na gesi uliosimama katikati ya bahari, upande wa Uskoti. Ulikuwa na sheria nzuri: fundi hagusi mashine mpaka apate karatasi ya ruhusa, na zamu inayoingia lazima ijue ni kazi gani haijaisha.

Tarehe 6 Julai 1988 pampu moja ilisimamishwa ili itengenezwe. Valvu yake ya usalama ilitolewa, na mahali pake pakafunikwa kwa bamba la chuma. Kufika jioni valvu ilikuwa bado haijarudishwa. Karatasi yake haikuwekwa pamoja na ile ya pampu, na watu wa zamu ya usiku hawakuambiwa. Karibu saa nne usiku pampu ya pili ilizima, ikakataa kuwaka. Wakaamua kuwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja penye bamba, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Sasa mtu atauliza: kwani hakukuwa na wakaguzi? Walikuwepo! Hapo ndipo penye somo. Jaji Cullen aliongoza uchunguzi na kutoa ripoti yake mwaka 1990. Ilionekana kwamba sheria ya karatasi za ruhusa ilikuwa ikivunjwa mara kwa mara, lakini ukaguzi wa kampuni haukuwaonyesha wakubwa hatari hiyo. Mkaguzi wa serikali naye alifika Juni 1988, muda mfupi kabla ya mkasa, asione kasoro hizo. Wakubwa hawakusikia malalamiko, wakadhani kimya ni usalama.

Kwa hiyo "Je, sheria imeandikwa?" ni swali la kuanzia tu. Swali lenyewe ni "Je, inafuatwa?" Mkaguzi mzuri hufanya hivi:

1. Husoma sheria kwanza, ajue kazi inatakiwa ifanywe namna gani.
2. Huenda mahali pa kazi akaone kwa macho yake, hasa wakati wa kupokezana zamu.
3. Humwuliza anayeshika spana, si msimamizi peke yake.
4. Hakagui kazi yake mwenyewe.
5. Huandika kila kasoro, nani atairekebisha na lini. Halafu hurudi kuona kama imerekebishwa kweli.

Tena tukumbuke: ukaguzi ambao kila mwaka haupati kosa hata moja usitufurahishe haraka. Pengine aliyekagua hakuangalia.

Sisi hatuna mtambo wa gesi, lakini vikundi vingi vina mashine ya kusaga. Tuseme sheria ukutani inasema injini izimwe kabla ya mtu kugusa mkanda. Siku ya soko, foleni ikiwa ndefu, inazimwa kweli? Na kijana wa asubuhi akifungua kifuniko cha mkanda asikirudishe, yule wa jioni ataambiwa na nani? Mkono ukikatika, karatasi ya ukutani haitaurudisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

(a) Ni sheria gani ya usalama tumeiandika lakini hatuifuati? Kwa nini?
(b) Mtu akiacha kazi nusu, anayempokea anajuaje?
(c) Mwanachama akisema mashine ni hatari, tunamshukuru au tunamwona mkorofi?
(d) Mwezi huu nani ataenda kukagua, naye atarudi lini kuhakikisha?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukutane katika somo lijalo.