REE TATU MKONONI, NA BADO UMELIWA!

Somo kwa vijana wa Kiwalani, Vingunguti, Buguruni na popote ulipo

Fungua Biblia: Marko 10:17-22, Wafilipi 3:4-9, Yohana 19:23-24, Luka 19:1-10

Mpendwa kijana,

Karatasi hii uliyopewa mkononi haiuzi kitu, wala hatukuombi hela. Usiitupe. Isome mpaka mwisho hata kama hujakanyaga kanisani miaka mingi, hata kama ni wa dini nyingine, hata kama umekuja mkutanoni kwa sababu ya muziki tu. Karibu sana.

Nina swali moja. Je, umewahi kucheza karata za hela? Sizungumzii kasino za mjini zenye taa na walinzi mlangoni. Nazungumzia kile kikao cha geto, washikaji watupu, mnaosema, "Sisi hatuchezi kamari bwana, tunapoteza muda tu."

1. TUSEME NI WEWE

Tuseme ni Jumamosi, saa tano usiku, mko watano geto huko Bombom. Mkeka chini, balbu moja juu, kila mtu na elfu ishirini yake. Leo si lasti kadi wala albastini. Leo ni pokeri, ile mliyojifunza kwenye simu. Kila mmoja anapewa karata mbili anazificha, halafu zinafunuliwa tano katikati, za wote.

Unainua kona ya karata zako: REE MBILI! Moyo unadunda. Katikati inatoka ree nyingine, na saba, na saba tena. Sasa una ree tatu na saba mbili. Wanaoujua mchezo wanajua hiyo ni karata nzito. Unajikaza uso usicheke.

Mshikaji wako anaongeza dau. Unamfuata. Anaongeza tena. Elfu ishirini yako imekwisha. Mfukoni una elfu hamsini ya kodi ya chumba, na elfu kumi ambayo mama amekutuma uipeleke kwa kijumbe kesho asubuhi. Unajiambia, "Naikopa dakika tano tu." Unaweka zote.

Mshikaji anafunua zake: saba mbili. Ukijumlisha na za mezani, SABA NNE! Umeliwa. Geto zima linapiga kelele, halafu linanyamaza, kwa sababu wameuona uso wako. Na anayezoa zile hela ni yule yule mliyekula naye chipsi jioni, sahani moja.

2. KARATA MBAYA HAIMFILISI MTU

Sasa tuliza akili tuangalie jambo hili vizuri, maana lina somo kubwa.

Ukigawiwa karata tano kutoka katika zile 52, kuna namna 2,598,960 za kuzipata. Kati ya hizo, zenye tatu za aina moja na mbili za aina nyingine, kama ulizokuwa nazo, ni 3,744 tu, yaani kama mara moja katika 694. Zenye nne za aina moja ni 624, mara moja katika 4,165. Kwa hiyo hukuwa mjinga. Karata yako ilikuwa kali kweli kweli. Ila ilikuwa ya pili, na katika mchezo ule wa pili hapewi hata nauli.

Fikiri sasa. Ungepewa tatu na nane ungefanya nini? Ungezitupa, upoteze jero, unywe maji. Karata mbaya haimfilisi mtu, kwa sababu haiamini. KARATA NZURI NDIYO INAYOMFILISI MTU. Ile anayoiamini ndiyo inayomfanya atoe kodi ya nyumba na hela ya mama yake.

Shika neno hilo. Tutalirudia.

3. MICHEZO MIWILI, MTAA MMOJA

Mama yako pia yuko kwenye mchezo. Uswahilini upatu tunauita hivyo hivyo, mchezo. Akina mama kumi, kila mmoja anatoa elfu kumi, kijumbe anakusanya, wa zamu anapokea laki moja. Zamu inazunguka mpaka wote wamepata. Yule ananunua jiko la kukaangia vitumbua, huyu analipa ada ya mtoto. Hakuna aliyeliwa.

Geto nako mko watano, kila mmoja na elfu ishirini. Jumla ni laki moja ile ile. Mnacheza mpaka adhana ya alfajiri. Ikifika asubuhi, laki imeongezeka? Hata shilingi moja! Imehama mifuko tu. Hamkulima, hamkuuza, hamkujenga. Ili wewe ufurahi ilibidi mwenzako aumie, na hela aliyoumia ameipata kwa kusimama getini kwa kiwanda barabara ya Nyerere tangu saa kumi na mbili asubuhi akigombea kibarua.

Ndugu yangu, huo ni urafiki gani, wa kuombeana karata mbovu? Katika Kutoka 20:17 Mungu anatukataza kutamani cha jirani. Kamari ya kirafiki ni kukaa mkeka mmoja na jirani yako huku umekikodolea macho kilicho mfukoni mwake. Ndiyo maana watu walioanza wakicheka wanamaliza hawasalimiani.

4. "NGOJA NIIRUDISHE"

Hapo ndipo Shetani anapowakamata wengi. Ukiliwa kikubwa, sauti inasema, "Nimeliwa sana, sasa zamu yangu imefika." Uongo! Karata hazina kumbukumbu. Hazijui kwamba jana uliumia, wala hazikuonei huruma. Lakini kijana anakopa, anauza simu, anamtumia mshikaji hela usiku wa manane ili arudishe. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini geto haliulizi kitambulisho. Wadogo zako wanakuangalia dirishani.

Usidhani ni tatizo la watu wasiosoma. Fyodor Dostoevsky, mwandishi mkubwa wa Urusi, alifilisika mara nyingi kwenye meza za kamari za Ujerumani. Mwaka 1866 aliandika riwaya nzima kuhusu mcheza kamari. Aliuelewa ugonjwa huo kuliko wengi, na bado akaendelea kucheza! Aliweka rehani mpaka vito na nguo za mke wake, Anna. Mwaka 1871, mjini Wiesbaden, aliliwa tena, akamwandikia mkewe barua ya majuto, na tangu hapo hakurudi.

Tujifunze mambo mawili. Kwanza, kulijua kosa lako si kuliacha. Pili, kuacha KUNAWEZEKANA, hata kwa aliyezama miaka mingi.

5. JE, MBELE ZA MUNGU UMESHIKA KARATA GANI?

Sasa turudi kwenye lile neno: karata nzuri ndiyo inayomfilisi mtu.

Vijana wengi hawatapotea kwa sababu ni majambazi. Jambazi anajua karata yake ni mbovu, na siku moja anaweza kuitupa akalia mbele za Mungu. Watapotea kwa karata nzuri! "Mimi siibi. Sivuti bangi. Namheshimu mama. Nimebatizwa utotoni." Ni nzuri kweli, wala sikucheki. Lakini umeweka dau gani juu yake? Umeweka ROHO YAKO. Na siku ile mbele ya utakatifu wa Mungu zikifunuliwa zote, je, itatosha?

Soma Marko 10. Kijana mwenye mali alimkimbilia Yesu, akapiga magoti. Amri alikuwa amezishika tangu utoto. Karata kali hiyo! Yesu akampenda, akamwambia aachie mali yake amfuate. Hakuweza. Akaondoka na huzuni, karata zake bado mkononi.

Halafu soma Wafilipi 3. Paulo anataja zake moja moja: Mwebrania halisi, kabila la Benyamini, Farisayo, mtu wa sheria asiye na lawama. Nani pale Yerusalemu angemshinda? Lakini alipokutana na Kristo alizitupa zote, akaziona hazina thamani, ili apewe haki ambayo hakuitafuta kwa nguvu zake.

Mmoja aling'ang'ania, mmoja akaachia. Wewe je?

6. KAMARI CHINI YA MSALABA

Ulijua kwamba kamari ilichezwa hata pale Golgotha? Yohana 19 inasimulia kwamba askari waligawana mavazi ya Yesu mafungu manne, kila askari fungu lake. Ilibaki kanzu iliyofumwa bila mshono. Hawakutaka kuichana, wakaipigia kura.

Hebu waone. Wameinama chini, macho kwenye kura, wanabishana nani kapata. Juu yao, mita chache tu, Mwana wa Mungu anakufa kwa ajili yao! Kuna mmoja aliyeondoka na kanzu akijiona ameshinda, kumbe kilichokuwa juu ya kichwa chake kilikuwa na thamani kuliko dunia nzima, na alipewa bure.

Kijana, INUA MACHO. Kwenye mkeka, mmoja anakula kwa sababu wengine wameliwa. Msalabani ni kinyume chake: mmoja alitoa vyote ili wengine wote wapate.

7. UFANYE NINI SASA?

Usingoje kesho. Hapo ulipo sema maneno haya kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimeitumainia nguvu yangu na bahati yangu, na nimepoteza. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Leo naachia vyote nilivyovishika. Nioshe, nivunjie kifungo cha kamari, uwe Bwana wa maisha yangu. Amina."

Kama umesali hivyo kwa kweli, fanya mambo manne:

Kwanza, mwambie mama ukweli kabla kijumbe hajapita. Itauma, lakini uongo utauma zaidi. Zakayo katika Luka 19 hakuishia kulia. Aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Wewe anza na ile elfu kumi, hata kwa kubeba mizigo.

Pili, kama ni wewe uliyekula, mrudishie mwenzako. Atashangaa, na hapo utapata nafasi ya kumweleza Yesu.

Tatu, Jumamosi ijayo usipite geto "kuangalia tu". Wapende washikaji zako, lakini wakaribishe kwako mchana, mezani pasipo na dau.

Nne, waone wahudumu hapa uwanjani waombe pamoja nawe, na utafute kanisa la karibu linalohubiri wokovu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Hela uliyowahi kuweka dau ilikuwa ya nani hasa?
2. Ni karata gani "nzuri" unayoitumainia mbele za Mungu?
3. Yule kijana wa Marko 10 alipoteza nini alipoondoka? Paulo alipata nini?
4. Nani unatakiwa umwambie ukweli leo kabla ya kulala?

Yesu anakupenda, na hakuhitaji uje na karata yoyote. Njoo mikono mitupu.

Ukimaliza kusoma, mpe mshikaji wako naye asome. Mungu akubariki.