Wiki Mbili Nyumbani: Kijitabu cha Afya kwa Familia Kabla ya Likizo ya Baridi



Wiki ya mwisho kabla ya likizo, mtoto hurudi na begi lililofura. Ndani mna michoro ya theluji, soksi moja isiyo na mwenzake, chupa ya maji, na chini kabisa karatasi za Kiingereza zilizokunjamana. Tafadhali msizitupe. Moja ina tarehe ya kufunga na ya kufungua. Katika shule nyingi za msingi Marekani watoto hukaa nyumbani wiki mbili hivi, kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Nyingine huenda inauliza kama familia inahitaji chakula au makoti, na huwa na siku ya mwisho ya kuirudisha.

Kijitabu hiki ni cha familia zinazozungumza Kiswahili, hasa zile zilizofika Marekani karibuni kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, na sasa baridi ya Kentucky, Ohio, Iowa au Maine inazikuta kwenye nyumba za kupanga.

Tangu Agosti au Septemba shule imekuwa ikibeba sehemu ya ulezi ambayo mzazi haioni. Kuna kifungua kinywa na chakula cha mchana, kuna nesi anayempima mtoto homa, kuna mwalimu anayemfunga zipu kabla hajatoka uwanjani, kuna jengo lenye joto. Siku ya kufunga shule yote hayo yanarudi nyumbani kwa mkupuo mmoja. Na nyumba yenyewe, kwa ajili ya baridi, imefungwa madirisha na milango. Hapo ndipo ilipo hatari tunayotaka kuisema kwanza, hata kabla ya mafua.

Jiko la mkaa lisiingie ndani

Wengi wetu tumepikia mkaa maisha yetu yote. Tumezoea kuliwasha jiko nje, kupepea mpaka likolee, na moshi ukiisha kuliingiza ndani. Mama zetu walifanya hivyo, nasi tukajifunza kwao kwamba kinachodhuru ni moshi, na makaa mekundu yasiyo na moshi ni salama.

Si salama. Makaa yaliyokolea hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ukiivuta, inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, akili inachanganyikiwa. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Watoto wadogo na wajawazito hudhurika upesi zaidi. Na nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisipotee. Kinachozuia joto kutoka kinazuia na sumu kutoka.

Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipokata umeme Texas, watu waliokuwa wakitafuta joto waliingiza mkaa na jenereta ndani, wengine wakawasha gari gereji ili watoto waote. Wengi walifikishwa hospitali, na wapo waliokufa, familia za wahamiaji zikiwa miongoni mwao. Hata katika mwaka wa kawaida, zaidi ya Wamarekani 400 hufa kwa hewa hii kwa bahati mbaya, mbali na vifo vya moto. Hawa si watu wazembe. Ni watu waliosikia baridi.

Kwa hiyo jiko la mkaa, hata dogo la kuchomea nyama, lisiwashwe ndani, gereji wala chini ya dirisha. Jiko la gesi ni la kupikia tu. Msiliwashe na kuacha mlango wa oveni wazi ili nyumba ipate joto. Jenereta ikae nje, angalau futi 20 kutoka nyumbani, yaani hatua kama nane za mtu mzima. Gari lisiachwe likiunguruma gereji, hata mlango ukiwa wazi. Na gari likifunikwa na theluji, ondoeni kwanza theluji kwenye bomba la moshi ndipo muwaketishe watoto ndani.

Dalili moja ishikeni sana: watu wa nyumba nzima wanaumwa kichwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hiyo si flu. Tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje, na msirudi ndani mpaka wazima moto waseme.

Sasa inueni macho muangalie dari. Kile kidude cheupe cha mviringo, karibu na vyumba vya kulala, ni kengele ya moshi au ya kaboni monoksidi, na vingine hufanya kazi zote mbili. Kikilia mlio mmoja mfupi, kikanyamaza kama nusu dakika au dakika, kikalia tena, kinaomba betri. Mlio huo unaudhi usiku, tunajua. Kuna nyumba ambazo kidude kimeng'olewa na kutiwa kabatini kwa sababu mtoto mchanga alikuwa halali. Tunaomba kirudishwe leo. Badilisheni betri, au mwiteni mwenye nyumba aibadilishe. Milio mitatu inayojirudia ni ya moshi. Milio minne mfululizo, kimya kidogo, kisha minne tena, ni ya hewa ya sumu, na hapo hakuna kutafuta viatu. Kila mwezi bonyezeni kitufe cha kujaribia, watoto wakiwepo, ili sauti hiyo waijue.

Hita ndogo ya umeme iwe futi 3 kutoka kwenye pazia, kitanda au nguo, ichomekwe moja kwa moja ukutani, isiwekwe kwenye waya wa kurefusha umeme, na izimwe mnapolala. Joto la nyumba likiharibika, mpigieni mwenye nyumba siku hiyohiyo. Bili ikiwashinda, pigeni 211 mwulizie LIHEAP, mpango wa serikali wa kusaidia gharama za joto; simu hiyohiyo huwaelekeza watu mahali pa kulala penye joto umeme unapokatika.

Panadol yenye jina jingine

Kipimajoto cha huku husoma kwa Farenhaiti. Mtoto akifika 100.4, hiyo ndiyo ile 38 tuliyoizoea, na hiyo ni homa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akiifikia, asipewe dawa ya kusubiria asubuhi. Daktari apigiwe simu saa hiyohiyo, au apelekwe hospitali.

Dawa tuliyoiita Panadol au parasetamoli, dukani huku imeandikwa acetaminophen, na wengi huijua kwa jina la Tylenol. Ni kitu kilekile. Tatizo ni kwamba imechanganywa pia ndani ya dawa nyingi za mafua na kikohozi. Mama anampa mtoto ya homa, baada ya nusu saa baba anarudi kazini anampa ya mafua, na mtoto amekwisha kupata dozi mbili za dawa moja bila yeyote kujua. Ikizidi huharibu ini. Geuzeni chupa, tafuteni neno hilo acetaminophen upande wa maelezo, na mkiliona kwenye chupa mbili, tumieni moja tu. Bandikeni karatasi kwenye friji, na kila anayempa mtoto dawa aandike saa.

Pimeni kwa sirinji au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani. Dozi hufuata uzito wa mtoto, na uzito huku hupimwa kwa pauni, basi muulizeni mfamasia; swali hilo halilipiwi. Ibuprofen haifai kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Aspirini msiwape watoto kabisa: ikikutana na flu au tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa nadra wa ubongo na ini. Antibayotiki iliyobaki kwenye sanduku tangu kambini haitibu mafua.

Kwa kikohozi, asali ni dawa nzuri kwa aliyetimiza mwaka mmoja. Mchanga wa chini ya mwaka asilambishwe hata kidogo, maana asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Tunajua hapa tunagusa mila za nyumba nyingi, na tunaomba bibi na babu waambiwe kwa upole.

Anayehema kwa shida, ambaye mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi, haamki vizuri au hajakojoa kwa saa nane, huyo ni wa 911 au wa dharura. Mtoto akinywa dawa isiyo yake, pigeni 1-800-222-1222, kituo cha sumu, usiku na mchana, bure. Mkipokelewa kwa Kiingereza tajeni tu neno Swahili, na subirini mkalimani aunganishwe. Hospitalini na shuleni pia ombeni mkalimani. Sheria ya haki za raia ya 1964 ndiyo msingi wa haki hiyo, nanyi hamlipi. Mtoto wa darasa la nne asigeuzwe mkalimani wa ugonjwa wa mama yake.

Chanjo ya flu huchukua wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo ichomwe kabla ndugu hawajakusanyika. Mtoto wa miaka minane au chini anayechanjwa mara ya kwanza huhitaji mbili, zikipishana wiki nne. Muulizeni nesi wa shule au kliniki.

Kuna na ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaopita darasa zima kwa siku mbili tatu. Virusi vyake, norovirusi, havisumbuliwi sana na ile jeli ya mikono. Sabuni na maji, sekunde 20, ndiyo njia. Mpeni mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, hata kama anatapika, na akae nyumbani siku mbili baada ya kutapika kwa mwisho.

Kwa wanaosafiri likizo hii kwenda Bujumbura au Kigoma kuona wazee: watoto waliozaliwa huku hawana kinga yoyote ya malaria. Mwoneni daktari mapema kabla ya safari, na mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata miezi baadaye, mwambieni daktari alikotoka.

Nguo, gari na barafu

Nguo tatu nyepesi zilizopandana hushinda moja nzito. Soksi na glavu zilizolowa zivuliwe mara moja. Vidole vikiwa vyeupe au vimekufa ganzi, msivisugue wala kuvipeleka kwenye moto. Vitumbukizeni kwenye maji ya vuguvugu na mpigieni daktari.

Koti nene lililojaa hewa lisivaliwe chini ya mkanda wa kiti cha gari. Jaribuni wenyewe: mfungeni mtoto akiwa na koti mpaka mkanda ukaze, mfungueni bila kuulegeza, mvueni koti, mfungeni tena. Mtaona nafasi ya kuingiza ngumi. Gari likigongana na jingine, koti hunywea na mtoto huchomoka. Avae sweta, afungwe, kisha mfunikeni koti juu kama blanketi.

Watoto wetu wa Ziwa Tanganyika hawaogopi maji. Lakini bwawa lile la nyuma ya nyumba za kupanga, likifunikwa na barafu, linaonekana kama uwanja, na hakuna anayeweza kujua unene wake kwa macho. Mtoto asikanyage hata ukingoni. Akitumbukia mwenzake, asimfuate. Apige kelele, atafute mtu mzima, 911 ipigwe. Semeni naye jambo hili kabla theluji haijaanguka, kwa sauti ileile mliyokuwa mkimkatazia mto wenye mamba.

Chakula na kurudi shule

Wiki mbili bila chakula cha shule ni kama milo ishirini kwa kila mtoto aliyekuwa akila asubuhi na mchana. Kama mfuko hautoshi, mwambieni mwalimu au mshauri wa shule sasa, kabla ofisi haijafungwa. Shule nyingi hutayarisha mifuko ya chakula na huwa na makoti chumbani. Hayo yamewekwa kwa ajili yenu, na anayeomba haandikwi vibaya popote.

Hakikisheni ofisi ina namba yenu ya simu ya leo. Tunabadilisha laini mara kwa mara, kisha theluji inaanguka, shule inatangaza kuchelewa kwa muda wa saa mbili, na mtoto wa miaka sita anasimama kituo cha basi peke yake gizani kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye namba ya mwaka jana.

Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili huhitaji kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12. Likizoni usiku hurefuka, simu haziwekwi chini. Siku nne kabla ya kufungua, rudisheni kulala nusu saa mapema kila usiku.

Na kabla ya siku ya kufunga, mtoto mwenye pumu aende kwa nesi achukue pampu yake, pamoja na dawa nyingine zilizobaki kabatini. Baridi hubana kifua, na pampu iliyofungiwa shuleni haimsaidii aliyeko nyumbani saa nane za usiku. Angalieni tarehe ya kuisha na kihesabio cha dozi mgongoni mwake. Asubuhi ya kurudi pampu iwe kwenye mfuko wa mbele wa begi, pamoja na karatasi yenye sahihi ya daktari, na mzazi aikabidhi mkononi mwa nesi mwenyewe.