Majina ya Sayari na Hadithi za Kale

Mtu asimamapo penye uwanja wa Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam, na kutazama upande wa Kariakoo baada ya jua kuchwa, haoni nyota nyingi. Taa za maduka na za magari hung'aa mno, na nyota ndogo humezwa na mwanga huo. Lakini ziko siku ambazo nyota moja kubwa, nyeupe, huonekana juu ya mapaa ya maghorofa, wala haishindwi na taa yo yote. Hiyo ni Zuhura. Nayo si nyota hasa, bali ni sayari. Yaani ni dunia nyingine izungukayo jua, na nuru yake yote ni nuru ya jua iliyorudishwa.

Watu wa kale walizitazama mbingu kwa bidii, kwa sababu hawakuwa na saa wala kalenda ukutani. Waliona kwamba nyota karibu zote hukaa pamoja sikuzote, kama nyumba za mtaa mmoja. Kilimia, kwa mfano, ni kundi lile lile walilolijua mababu walipotaka kujua majira ya kulima. Lakini nyota tano zilikuwa na tabia nyingine: zilihamahama katikati ya zenzake. Wayunani wakaziita wazururaji, na Waarabu wakaziita zenye kwenda. Neno sayari limetoka katika neno hilo la Kiarabu. Na siku hizi Waarabu huitia motakaa kwa neno lilo hilo.

Warumi walizipa nyota hizo majina ya miungu yao, kila moja kwa kadiri ya sura yake na mwendo wake. Ile iendayo mbio kuliko zote, inayozunguka jua kwa siku 88, waliiita Mercury, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanya biashara. Mungu huyo angalikuwa na nyumba mjini Dar es Salaam, bila shaka angalikaa Kariakoo. Ile nyeupe nzuri waliiita Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Ile nyekundu waliiita Mars, mungu wa vita, kwa sababu wekundu wake uliwakumbusha damu. Leo yajulikana kwamba wekundu huo ni kutu ya chuma iliyo katika udongo wake, wala sayari hiyo haimletei mtu vita. Kubwa kuliko zote ikaitwa Jupiter, mfalme wa miungu. Na ile ya mwendo wa polepole, itumiayo miaka 29 na zaidi kuzunguka jua mara moja, ikaitwa Saturn, baba yake Jupiter.

Majina ya Kiswahili hayakutoka Rumi. Yalikuja pwani pamoja na elimu ya Waarabu, nayo ni haya: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Haya nayo yana hadithi zake. Katika masimulizi ya kale ya Waarabu, Zuhura alikuwa mwanamke mzuri sana aliyepanda mbinguni akageuka kuwa nyota. Na Mushtarii, kwa Kiarabu, ni neno lenye maana ya mnunuzi. Basi majina ya watu wa sokoni yamo hata mbinguni.

Kwa karne nyingi watu walidhani kwamba sayari hizo tano, pamoja na dunia, zimetimia. Hata mwaka 1781 William Herschel, aliyekuwa akikaa Uingereza, akaona kwa darubini sayari nyingine, nayo ikaitwa Uranus, mungu wa mbingu wa Wayunani, baba wa Saturn. Mwaka 1846 ikaonekana Neptune, iliyopewa jina la mungu wa bahari. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi wa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, akaona kitu kidogo kati ya Mirihi na Mushtarii. Akakiita Ceres, kwa jina la mungu wa kike wa nafaka. Upana wake ni kama kilomita 940 tu. Kisha vikaonekana vingine: Pallas mwaka 1802, Juno mwaka 1804, na Vesta mwaka 1807. Vitu hivyo huitwa asteroidi, nazo ni mawe na chuma zinazozunguka jua. Ceres, kwa kuwa ni kubwa na ya mviringo, tangu mwaka 2006 huhesabiwa kuwa sayari kibete, pamoja na Pluto iliyoonekana mwaka 1930. Jina la Pluto, mungu wa kuzimu, lilitolewa na msichana wa shule wa miaka 11, Venetia Burney wa Oxford.

Leo asteroidi zinazojulikana ni zaidi ya milioni moja, na majina ya miungu hayatoshi. Mwaka 1933 Cyril Jackson, alipokuwa akitazama mbingu huko Johannesburg, aliona mbili. Moja ikaitwa Kenya, na ya pili Uganda.

Tanzania nayo ina kipande cha mbinguni. Huko Mbozi, katika Mkoa wa Songwe, kuna kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani 16 kwa makadirio. Wazee wa pwani walisimulia kwamba vimondo ni vijinga vya moto watupiwavyo mashetani ili wasiikaribie mbingu. Wataalamu husema kwamba vimondo vya chuma kama hicho ni vipande vya moyo wa asteroidi zilizovunjika zamani sana.

Sasa ni lazima mwanafunzi aangalie jambo moja. Sayari mpya zilipohitaji majina ya Kiswahili, baadhi ya waandishi walitwaa majina ya zamani wakayahamisha. Zohali, jina la sayari yenye pete, likapewa Uranus. Sayari yenye pete ikaitwa Sarateni, na kumbe Saratani ni jina la kundi la nyota liitwalo Kaa. Neptune ikaitwa Kausi, na Kausi ni kundi la nyota la Mshale. Utaridi likapelekwa kwa Pluto, na Utaridi yenyewe ikaitwa Zebaki. Basi ikawa babu akisema, "Utaridi i karibu na jua," mjukuu hujibu, "La, babu, i mbali kabisa." Kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa mjinga, na kosa si lao wote wawili.

Jina si kitu chepesi. Kariakoo yenyewe ni mfano. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka hapo wapagazi wa vita wa jeshi lililoitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza neno hilo kuwa Kariakoo. Maelfu mengi ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na taabu za vita. Mchuuzi atajaye Kariakoo, hata asipojua, huwakumbuka. Mtu akiliondoa jina hilo akalipa Ilala, mgeni atapotea njia, na wapagazi watasahauliwa mara ya pili. Hali kadhalika mbinguni: majina matano ya kale yafaa yakae mahali pake, na sayari mpya ziitwe Uranusi na Neptuni, kama ziitwavyo na mataifa mengi. Hapo babu na mjukuu wataweza kutazama juu pamoja na kuelewana.

Maswali
1. Kwa nini Wayunani waliziita sayari wazururaji?
2. Wekundu wa Mirihi watoka wapi?
3. Taja sayari tano za kale kwa majina yake ya Kiswahili.
4. Mwulize mzee mmoja asili ya jina la mtaa wenu, ukaiandike.