Kilo sawa, ulingo tofauti

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, kilo 57, hajawahi kupigana. Hapa Gare, Lushoto, amepangiwa mpinzani wa kilo hizo hizo mwenye mapambano 12. Ni haki?

JIBU: Hapana, mama. Mizani hupima mwili tu. Mgeni wa ulingo hubana pumzi. Dakika ya pili mikono imeshuka, kidevu ki wazi. Kupanda vilima vya Usambara kumempa mapafu, sawa, lakini mapafu hayakwepi ngumi. Uliza pia umri wa mpinzani: katika ngumi za ridhaa miaka 17 na 18 ni vijana, 19 kwenda juu ni wakubwa. Dai daftari la mapambano na cheti cha daktari, vya wote wawili. Kocha akikujibu “atajifunzia humo humo”, ondoka na mwanao.